Chaki Chini ya Madigadi

Nianze na saa. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la kiangazi, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na kula maandazi mawili, basi. Nayataja hayo kwa sababu najua visa vya namna hii vinavyosikilizwa: kwanza watu wanataka kujua ulikunywa nini, halafu wanauliza kama kulikuwa na giza. Hapakuwa na giza. Sikuwa nimelewa. Na kama ungekuwa umeketi kwenye kiti cha mbele, ambacho kilikuwa wazi, ungesikia nilichosikia. Niamini kwanza, utanicheka baadaye. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kucheka.

Mimi ni mtu niliyesoma. Nalisema hilo kama mtu anayekiri ugonjwa. Nilipomaliza chuo kikuu niliandika kitabu kizima cha kuhitimu nikieleza kwamba hadithi za mizimu ya madarajani ni njia ya jamii kuwafundisha madereva wapunguze mwendo. Nilipewa alama nzuri sana. Siku ya sherehe niliwasomea wazazi kurasa za mwanzo, na katikati ya ukurasa wa tatu baba akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hatukuwa na mbuzi. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa alikwenda kuangalia nini.

Baba alikuwa muuguzi hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na watu walimwita Docta. Alikuwa na Kosinele, ile gari ndogo ya mviringo yenye injini nyuma na milango miwili tu, rangi ya maziwa. Aliwapeleka nayo wagonjwa, wajawazito, walimu, mapadri na wachungaji, na alikuwa na sheria moja: gari hii haimwachi mtu njiani. Vita vilipotukaribia aliiingiza nyuma ya nyumba, akaitoa magurudumu yote manne, akayazika katika shamba la mihogo, halafu akajenga ukuta wa matofali kuizunguka. Gari lisilo na miguu halimpendezi askari. Tukavuka ziwa, tukakaa ukimbizini Tanzania miaka mingi, tukarudi. Gari ilikuwa palepale. Magurudumu tuliyapata mawili tu, na moja kati ya hayo mama aliligeuza kigoda cha kuwekea mtungi. Baba hakutafuta mengine. Alizeeka, akafariki, tukampandisha Fizi, juu milimani, kumzika kwao, na mama akabaki hukohuko kwa ndugu zake.

Miaka minne ikapita hivyo. Kisha macho ya mama yakaanza kufunikwa na ukungu mweupe, mwisho akawa ananitambua kwa sauti tu. Na mwaka huu tukasikia kwamba madaktari wa macho wangekuja Baraka kwa wiki moja, wanapasua na kutoa ukungu huo. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nikampigia mama simu. Pikipiki aliikataa, maana iliwahi kumwangusha. Magari mengine nayo akayakataa, bila sababu.

“Nitateremuka na Kosinele ya baba yako,” akasema, “ao sitateremuka.”

“Mama, ile gari haina magurudumu.”

“Njo uitafutie. Weye si ulisoma?”

Sasa hapa ndipo ujinga wangu unapoanza, nami sitauficha. Ningeweza kutafuta magurudumu membamba kama yale ya baba. Yalikuwepo, machakavu lakini yalikuwepo. Ila mjini Uvira niliona janti nne za alumini, yaani yale maduara yanayovaa tairi, zinang’aa, pana karibu mara mbili ya zile za kwanza, na tairi zake bado zina meno. Mtu akifika umri wangu, nywele zikipungua na tumbo likiongezeka, huanza kutaka vitu vipana. Nikazinunua. Nilijiambia ni kwa ajili ya mchanga na matope ya barabara ya Fizi.

Fundi Wilondja, mwenye garaje karibu na soko, alizunguka gari mara mbili baada ya kuzijaribisha. Alikuwa fundi wa baba pia, mtu mkavu, asiyecheka wakati anakuchekesha.

“Prof,” akasema, “hii ni mududu umemuvalisha bote, viatu ya askari.”

“Zitakaa?”

“Kukaa zitakaa. Matundu ya buloni iko sawasawa. Lakini angalia hapa.” Akaingiza vidole kati ya tairi ya nyuma na madigadi, lile bati linaloifunika kwa juu. “Na tairi ya baba yako, vidole yangu yote ine ilikuwa inapita, na fasi inabakia. Sasa iko kidole moya na nusu. Ukipakia mutu nyuma, gari inashuka, bati inakula tairi.”

Alinionyesha anavyopima. Wilondja hana mashine za kupimia. Ana chaki ya shule. Aliipaka nene ndani ya madigadi, ukingoni, kulia na kushoto. Kisha akawaita bamama watatu waliokuwa wakiuza ndizi ng’ambo ya barabara, akawaomba waketi nyuma, nami niendeshe kuzunguka soko.

“Kama ni uzito unatafuta,” mmoja akamwambia huku anajibana, “ungeacha Prof peke yake. Tumbo yake inatosha.”

Tuliporudi, chaki ilikuwa imefutika pande zote mbili, sawasawa. Fundi aliukunja ukingo wa bati kwa ndani, akigonga polepole kwa nyundo juu ya mchi wa kutwangia. Akabadilisha buloni fupi, yaani bolti za gurudumu, akaweka ndefu, akihesabu mizunguko kwa sauti: buloni iingie mara kumi, ikiingia mara sita hiyo ni ya kukuzikia. Mwisho akapaka chaki mpya kulia na kushoto.

“Weye mbele, mama mbele. Nyuma, mutu hapana. Hata mukungu wa ndizi hapana. Ukirudi nitaangalia chaki, na chaki hainidanganyaka.”

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa saba. Kupanda Fizi, kulala, kuteremka na mama alfajiri, kumfikisha kwa madaktari kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Watoto wa shule walinipungia. Gari iliondoka Baraka imetanua miguu kama mcheza mieleka.

Kati ya Baraka na Fizi kuna mto, na mto una daraja. Jina lake nitaliacha, kwa maana kuna watu wanaovuka pale kila siku na wana mambo yao. Ni daraja la chuma lililotandikwa mbao, na kila dereva mwenye akili hushuka kuangalia kama mbao zote zipo. Nikasimama, nikashuka, nikaangalia. Chini yangu bamama walikuwa wakitoa mihogo iliyolowekwa. Mbao zilikuwepo. Nilipogeuka, mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kulia wa gari.

Alikuwa mtu mzima, amevaa koti jeusi zuri la mtindo wa zamani, kofia, na miwani ya jua. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa kutoka chini ya kidevu kikapanda masikioni hadi chini ya kofia. Nikasema moyoni, jino. Ungesema nini wewe? Kwa baba yangu walikuja wengi wamefungwa hivyohivyo, mashavu yamevimba. Nikamwonea huruma.

“Muzee, unaenda Fizi? Ingia. Lakini ukae mbele, nyuma tairi itasugua.”

Alifungua mlango, akainama, akakilaza kiti cha mbele na kupita nyuma. Ngoja nikueleze hapo. Kosinele ya baba ina kikono cha kulaza kiti ambacho kiko chini pembeni, kimelegea, na ukikivuta bila kukiinua kwanza hakitoki. Kila mgeni hupambana nacho. Yeye alikiinua kwanza. Akakaa nyuma upande wa kulia, akarudisha kiti, na mimi nikaweka juu yake mfuko wangu na bidoni, lile dumu la maji. Gari ililala upande ule kama mtu anayesikiliza ukutani. Nilishangaa, kwa sababu alikuwa mwembamba. Ningeweza kumwambia ashuke, ila kulikuwa na ile sheria ya baba, na kulikuwa na jino. Nikaingiza gia.

Tairi ilianza kusugua kabla hatujafika ubao wa kwanza. Krr, krr, krr. Katikati ya daraja nikasikia sauti nyuma, ya mtu anayeongea bila kufungua meno.

“Tumeisha vuka?”

Tulikuwa juu ya maji. Nikajibu kama mtu yeyote angejibu, macho yangu yakiwa kwenye mbao.

“Bado, muzee.”

Tukafika ng’ambo. Sikumwambia kitu. Kwa nini nimwambie? Mtu ana macho. Harufu ya mpira unaoungua ilikuwa imeingia ndani, mlima ulikuwa mbele, na mimi nilikuwa nahesabu kilomita. Baada ya muda nikamuuliza anashukia wapi.

“Docta anajua.”

Nikamweleza kwamba Docta, baba yangu, alifariki miaka minne iliyopita. Kwenye kioo niliona kofia haikusogea. Nikaona ni adabu ya mtu aliyesikia habari ya msiba ghafla.

Mbele kidogo tukakutana na ng’ombe wengi kutoka milimani, wamejaa barabara nzima. Nikasimama. Mchungaji, mwanamume mwenye koti la mvua na fimbo, akaja upande wangu, akainama dirishani, akanisalimu. Kisha akainua macho, akatazama nyuma ya bega langu, akavua kofia yake na kusalimu tena, taratibu zaidi. Akangoja kidogo, kama unavyongoja jibu. Halafu akaenda zake nyuma ya ng’ombe, na aligeuka mara mbili.

Nikageuka nimwombe mzee samahani kwa kuchelewa.

Hapakuwa na mtu.

Nisikilize vizuri. Gari ina milango miwili. Ili atoke, angelazimika kukilaza kile kiti cha mbele, na juu ya kiti kulikuwa na mfuko wangu na bidoni, havijaguswa. Dirisha la nyuma halifunguki. Kiti cha nyuma, upande wa kulia, kilikuwa kimebonyea, ngozi imejikunja pande zote kama chini ya mtu. Nilikitazama kingali kimebonyea. Nilingoja kinyanyuke. Hakikunyanyuka.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilikumbuka kwamba betri ya Kosinele hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Niliishika betri ile kwa mikono miwili, kimawazo, kama mtu anayezama. Betri ni nzito. Chuma cha chini upande ule kimechoka. Mzee alishuka nilipokuwa naangalia ng’ombe. Nikaendesha, na tairi ikasugua njia nzima mpaka Fizi, krr, krr, kiti kikiwa kitupu. Sikuangalia tena kwenye kioo. Nilikigeuza kikatazama paa.

Mama alisikia gari kabla haijafika uani. Akatoka na fimbo yake, akapapasa madigadi, mlango, akaingiza mkono ndani, akaupeleka kwenye kiti cha nyuma. Mkono ukasimama hewani, upana wa kiganja juu ya kiti, kama umegota kwenye kitu.

“Umekuja na nani?”

“Peke yangu, mama.”

“Usinidanganye. Mi sione, lakini niko na mukono.”

Nikapiga magoti nyuma ya gari. Kushoto, chaki ya fundi ilikuwa nzima, nyeupe, haijaguswa. Kulia haikubaki hata alama, bati lilikuwa linang’aa, na bega la tairi lilikuwa limeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Nikaingiza kidole. Hakikupita. Nikajaribu karatasi. Haikupita. Na gari ilikuwa imesimama, mimi nimeshashuka.

Ndipo nikamweleza mama kuhusu yule mtu wa darajani: koti, kofia, miwani, kitambaa kidevuni. Alikaa chini palepale kwenye udongo.

“Haikuwa jino,” akasema.

Nitakuambia kama alivyoniambia. Kabla tu ya vita kutufukuza, mwalimu mmoja aliyeitwa Etongwe alifia mikononi mwa baba huku Baraka, na kwao ni juu ya Fizi. Njiani kulikuwa na vizuizi, na maiti alizuiwa kila penye kamba. Basi baba akafanya walichofanya wengi wakati ule: alimvalisha koti, kofia na miwani, akamfunga taya kama mgonjwa wa jino, akamketisha nyuma upande wa kulia kama abiria.

Na sisi tuna desturi, hata wewe unaijua. Ukimpeleka marehemu kwao, kila mnapovuka maji dereva anamwita jina na kumwambia: tunavuka, usibaki. Asipoambiwa, mwili unavuka, yeye anabaki. Baba alijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mto, askari mmoja aliomba kupelekwa Fizi, akaketi mbele na bunduki yake. Ungefanya nini? Ukimwita maiti jina mbele ya askari, mmekwisha wote. Baba alivuka daraja kimya. Mwalimu Etongwe alizikwa, akaliliwa, akawekewa msalaba, na hakuwa mle ndani.

“Alitaka kurudi kesho yake,” mama akasema. “Vita ikaingia. Tulipotoka ukimbizini alienda ku daraja na miguu, akamuita. Alienda mara mingi sana. Hakuitika. Yule alipanda gari. Anangojaka gari.”

“Kwa nini hakuniambia?”

Mama alicheka kidogo, bila ubaya. “Ulimusomea kitabu yako.”

Sasa unaelewa kwa nini alikataa magari mengine. Macho yake yalikuwa sababu moja ya kuteremka. Sababu ya pili ilikuwa imekaa nyuma ya gari, uani, imebonyeza kiti, nami nilikuwa nimeipandisha mpaka Fizi baada ya kuiambia kwa mdomo wangu: bado. Baba angalau alinyamaza. Mimi nilimjibu bado, na tulipofika ng’ambo sikumwambia tumevuka, jibu likawa uongo.

Kwanza nilijaribu pale uani. Majirani walikusanyika kumwona Prof akiongea na kiti. “Mwalimu Etongwe, tumeshavuka, umefika.” Kiti hakikunyanyuka. Mama akasema ni bure, haya husemwa juu ya maji, na anayesema ni dereva.

Na hapa ujue tulikuwa hatarini kiasi gani. Tairi ile isingefika Baraka ikiendelea kuliwa hivyo. Ingepasuka kwenye mteremko. Tairi ya akiba ya upana ule sikuwa nayo. Madaktari walikuwa wanafunga kazi siku iliyofuata. Nilimsihi mama tumtafute mtu mwenye gari lingine.

“Sitamuacha mara ya tatu,” akasema. “Kama ni macho, itangoja.”

“Madaktari hawatangoja, mama.”

“Basi nitabakia kipofu. Ingia, tulale.”

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka, mama mbele, mkono wake wa kushoto ameunyoosha nyuma, umelala juu ya kiti kama unavyomshika mgonjwa. Niliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Krr, krr. Mara tatu nilisimama kumwagia tairi maji kutoka kwenye bidoni, yalitoa mvuke. Tulifika mtoni nyuzi nyeusi zikining’inia kama uzi wa kikapu.

Tukavuka kwenda upande wa Baraka kimya, kwa kuwa huko siko kwao. Nikageuza gari. Bamama wa mihogo walikuwepo, na bamotari wanne waliokuwa wakiosha pikipiki zao.

“Prof, umesahau kintu Fizi?” mmoja akaita.

Nikaingia darajani kuelekea Fizi. Katikati, juu ya maji, nikasikia tena, nyuma yangu, meno yamefungwa:

“Tumeisha vuka?”

Mama aliisikia pia. Mkono wake uliruka, kisha ukarudi palepale.

Nikasimamisha gari. Nikashusha kioo, sijui kwa nini, nikasema kwa sauti ambayo kwa kawaida naitumia kwenye ukumbi wa wanafunzi: “Mwalimu Etongwe. Ni mimi, mutoto ya Docta. Tunavuka sasa. Usibaki. Jana nilikudanganya, unisamehe. Baba naye hakukusahau, alikuwa na bunduki ya askari pembeni.” Nikaachia breki. Gurudumu la mbele lilipogusa udongo wa ng’ambo nikasema: “Tumevuka. Umefika kwenu. Shuka polepole.”

Bamotari hawakucheka. Mmoja alikuwa ameshavua kofia.

Kiti kilitoa sauti, kwiik, ile ya ngozi kuukuu mtu anaponyanyuka. Mlango haukufunguka. Lakini Kosinele iliinuka upande wa kulia, polepole, kama ng’ombe anayesimama, mpaka mimi na mama tukayumba kwenye viti vyetu. Mama akaurudisha mkono wake mapajani. “Ameenda,” akasema. Nilishuka, nikaingiza kidole kati ya tairi na bati. Kilipita, na nusu ya kingine.

Nililia. Andika hivyo, mtu wa kurasa nyingi alilia akiwa na kidole ndani ya madigadi.

Tukageuza tena, tukavuka kurudi Baraka, na njia nzima mama alikuwa akiimba kwa pua wimbo aliokuwa akiimba zamani akipika. Nilimfikisha kwa madaktari walipokuwa wanaanza kufunga masanduku. Walimchukua. Jicho la kulia walilipasua siku hiyohiyo.

Kisa kingeishia hapo kama si Fundi Wilondja. Jioni, mama akiwa kitandani na bandeji, nilimpelekea gari. Alipiga magoti upande wa kulia, akapiga mluzi mbele ya tairi iliyoliwa, akanitazama kama mwanafunzi mkaidi.

“Nilisema nyuma mutu hapana.”

“Nilimbeba mmoja, fundi. Ameshashuka.”

“Mumoja?” Alihamia kushoto. Alipitisha kidole ukingoni mwa bati, akakitazama. “Prof, usinichezee. Mulikuwa babili.”

Nikaenda kuangalia. Chaki ya kushoto, ile niliyoiona nyeupe na nzima uani Fizi kwa macho yangu mawili, ilikuwa imefutika yote. Bati linang’aa. Upande wa kushoto, kiti cha nyuma. Nyuma tu ya kiti cha dereva.

Nilirudi kwa mama kwa miguu. Sikuweza kuendesha. Nilimweleza, na yeye chini ya bandeji akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi.

“Nilikuwa nimejua. Nilimusikia akiingia, pale ulipogeuza tena. Ju nini unafikiri nilikuwa ninaimba? Baba yako alisema angali muzima: siku nikikufa nitaenda ku daraja, nitangoja naye mupaka gari ipite. Ulifikiri angemuacha mwalimu akae pale peke yake?”

“Na sasa?”

“Sasa amepanda gari yake. Unataka ateremuke aende wapi?”

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Mama anaona, anakaa kwangu Baraka, na kila asubuhi anatoka kuitazama Kosinele kabla ya kunisalimu mimi. Upande wa kulia haujasugua tena hata mara moja. Kushoto, nikiwa peke yangu ndani ya gari, husugua kila siku, taratibu, krr, krr, nyuma ya kisogo changu. Nimeshabadilisha tairi ya upande huo mara mbili. Wilondja ananisihi nifunge magurudumu membamba kama ya zamani, nimekataa. Naijua sasa ile nafasi ya vidole vinne. Ndani ya vidole vinne mtu anaweza kukaa miaka na miaka, na wewe unaendesha huku unapiga mluzi, hujui umembeba.

Basi nakuonya. Ukitaka kuvalisha gari la marehemu wako tairi pana, paka chaki kwanza, pande zote mbili, uendeshe ukiwa peke yako. Ikifutika, usimlaumu fundi wala betri. Nenda kwa wakubwa wa nyumba yenu uulize gari lile lilimpakia nani, na nani alivuka maji bila kuambiwa. Na ukiulizwa njiani kama mmevuka, mjibu mwenzio ukweli, hata kama una haraka.

Mimi nimeshindwa kuufuata ushauri huu. Mwezi uliopita nilikuwa napanda Fizi kusafisha kaburi la baba. Katikati ya daraja, juu ya maji, nikasikia swali lile tena. Safari hii meno hayakuwa yamefungwa, na sauti niliijua. Ndiyo iliyosema inakwenda kuangalia mbuzi. Nilijua wajibu wangu. Nilijua maneno yote.

Nikashika usukani, nikatazama mbele.

“Bado, papa,” nikamjibu.